Kinyago cha dumu, cha karatasi au cha bati: kipi uchukue kwa ngoma yako

Sherehe zikikaribia, vikundi vya ngoma vya hapa Kigoma na walimu waliobebeshwa onyesho la wanafunzi huuliza swali lilelile: vinyago tutengeneze vya nini? Mti wa kuchonga una bei yake, mchongaji ana foleni yake, na fedha ya kikundi imeshakwenda kwenye nauli na sare. Kinachobaki ni vile vitu ambavyo mji unavitupa, na mji wetu hautupi vibaya: madumu ya mawese yaliyopasuka, maboksi ya maduka ya Mwanga, mifuko ya saruji, mabati yaliyong'olewa paani, nyavu za dagaa ambazo hata mshonaji amezikatia tamaa.

Nalinganisha vitatu: dumu, karatasi na bati. Cha nne ni gome, ambalo ni mali ya ndugu zetu wa Tabora zaidi, nitaligusa nikipita. Msimamo wangu nautoa mapema. Kinyago kikiwa cha kuchezewa, angalia kwanza pumzi ya mchezaji, halafu angalia mwezi wa sherehe, sura ije ya tatu. Wengi huanza na sura. Ndiyo maana unaona ngoma haijafika kati na mchezaji ameshakipandisha kinyago utosini, anahema, na watoto wanamwita kwa jina lake.

Dumu

Dumu la njano la lita 20 ndilo linalokuja akilini kwanza, na lina haki hiyo, kwa sababu uso umo tayari. Ukilikata sehemu ya juu na kuigeuza ikutazame, pale pa kumiminia pamekuwa mdomo na mkono wa kubebea umekuwa pua. Macho ndiyo unayoongeza wewe.

Aliyelipeleka wazo hili mbali kuliko wote ni Romuald Hazoumè wa Benin, mzaliwa wa Porto-Novo, 1962. Madumu anayotumia ni yale yaliyokuwa yakibeba petroli ya magendo kutoka Nigeria. Kazi yake mashuhuri imepanga vinyago vya madumu 304 kwa umbo la meli ya watumwa, na mwaka 2007 ilionyeshwa British Museum jijini London, ikiwa ni miaka 200 tangu Uingereza ipige marufuku biashara ya watumwa. Mtu wa Ujiji, mji ambao njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilikuwa ikiufikia ziwani, hahitaji kutafsiriwa kazi ile. Ila vinyago vya Hazoumè ni vya kutazamwa. Wengi huona picha zake kwenye simu, wakaiga, wakamvisha kijana wa kuruka nusu saa juani, wakashangaa kwa nini amezidiwa.

Dumu zima huku halitupwi. Linabeba maji, linabeba mawese, linauzwa tena. Unalotafuta wewe ni lililopasuka kitako, na hapo ndipo bahati yako ilipo, kwa sababu kitako hukitumii. Kabla ya kulichukua, bonyeza ubavu wake kwa kidole gumba. Likirudi polepole lilivyokuwa, chukua. Likitoa mlio mkavu, au kidole kikitoka na unga mweupe, jua limeshaliua; utaanza kulikata na ufa utakimbia mpaka kwenye paji la uso.

Kulisafisha kuna utaratibu wake. Mawese huganda asubuhi ya baridi, kwa hiyo ukimwaga maji kabla jua halijapanda unahangaika bure. Anika dumu kwanza, likiwa limeinamishwa, mpaka mafuta mekundu yalegee na kuchuruzika. Kisha tia maji ya moto, sabuni na konzi ya mchanga, funga kifuniko, tikisa kwa nguvu. Mwaga, rudia. Harufu haitaisha yote, lakini hiyo ni harufu ya chakula, haimdhuru mtu.

Harufu nyingine zinadhuru. Dumu lililobeba petroli au dizeli usilipeleke usoni pa mtu, maana plastiki huwa imeshanyonya. Na lililobeba dawa za shambani, hasa huko kwenye tumbaku na pamba, liache kabisa hata ukiambiwa limeoshwa mara kumi. Mchezaji atatoa jasho humo ndani na kupumua humo humo. Ukiwa huijui historia ya dumu, tafuta jingine.

Kukata ni kwa kisu kikali au kipande cha msumeno wa chuma. Matundu toboa kwa msumari uliopashwa moto, ukiwa nje kwenye upepo. Kingo ziparuze kwa msasa, halafu zivalishe tyubu ya baiskeli iliyopasuliwa na kushonewa kwa uzi wa nyavu. Bila tyubu hiyo, dumu hukwaruza mashavu.

Tatizo kubwa la dumu ni kwamba halishiki kitu. Geuza kitako chake: mengi yana alama ya pembetatu yenye namba 2 ndani. Plastiki ya aina hiyo inakataa gundi, inakataa na rangi. Nilimuuliza fundi mmoja wa Ujiji, mzee aliyetumia maisha yake kwenye bati na sasa anafanya na madumu:

"Mzee, mbona rangi yangu inabanduka hata nikipiga msasa?"

"Mwanangu, dumu limekunywa mafuta miaka yote hii, leo unataka linywe rangi?"

Yeye hapaki. Njano anaiacha njano, na rangi nyingine anaziokota zikiwa tayari: vifuniko vya chupa vyekundu kwa macho, ndala ya bluu iliyokatwa kwa midomo, kipande cha ndoo nyeusi kwa nyusi. Vyote ameshona kwa waya mwembamba, ncha zimekunjwa upande wa nje ili zisimchome mvaaji. Nimekiona kinyago chake kikianguka kutoka kwenye bodaboda, kikadunda, kikaokotwa, kikavaliwa. Cha rangi ya kopo kingekuwa kimeshachubuka.

Karatasi

Kasoro moja ya dumu nimeibakiza makusudi: vinyago kumi vya dumu ni ndugu kumi wa tumbo moja. Pua ileile, mdomo uleule. Kwa kikundi kinachotaka mashetani wanaofanana, hiyo ni sifa. Lakini ukitaka nyati, fisi, bibi kizee na mzungu wa boti katika mchezo mmoja, hapo unakwenda kwenye karatasi.

Kuna mfano wa mbali ambao mimi huupenda. Huko Puerto Rico, kisiwa cha Karibi, wachezaji wa vinyago wanaitwa vejigante. Mji wa Loíza, ulio pwani penye minazi, hutengeneza vinyago vyao kwa makumbi ya nazi kwa ajili ya sikukuu ya Mtakatifu Yakobo mwezi Julai. Mji wa Ponce, kisiwa hichohicho, hutengeneza kwa karatasi na gundi kwa ajili ya karnivali yao. Na vya Ponce ndivyo vinavyojaa pembe, pembe juu ya pembe, kwa sababu karatasi ni nyepesi na inakubali kuelekea popote.

Kwetu hapa, boksi ni mifupa na mfuko wa saruji ni ngozi. Nasema mfuko wa karatasi ya kaki, maana siku hizi saruji nyingi inakuja kwenye viroba vya plastiki ambavyo kwa kazi hii havifai. Kaki ya saruji ina nguvu kuliko gazeti mara nyingi. Tabaka sita au saba zinatosha pale ambapo gazeti lingetaka kumi na zaidi. Ikung'ute nje, umefunga pua kwa kitambaa, na unawe mikono, kwa sababu vumbi la saruji likikutana na jasho linakula ngozi. Wanafunzi wasipewe kazi ya kukung'uta.

Gundi ni uji wa muhogo. Unga uvuruge kwanza kwa maji baridi, kisha mimina kwenye maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka uache weupe na kuwa wa kung'aa. Tia chumvi, ichelewe kuchacha. Kalibu inaweza kuwa udongo wa mfinyanzi, au chungu kilichovunjika, kikiwa kimepakwa sabuni ili karatasi isigande. Bandika tabaka mbili, anika, kesho mbili nyingine. Ukibandika zote siku moja nje patakauka na ndani patabaki mbichi, na baada ya wiki utaona madoa ya kijivu na kusikia harufu ya store iliyofungwa.

Ukikifanya vizuri, kinyago cha karatasi ndicho rafiki wa mchezaji kuliko vyote. Uzito wake ni karibu nusu ya dumu kwa ukubwa uleule. Hakichomi juani. Rangi yoyote inashika, hata ya maji.

Maadui wake ni watatu. Maji ni wa kwanza. Jasho ni wa pili, na huanzia kidevuni: baada ya ngoma mbili tatu utakuta kidevu kimelainika na kimeanza kufumuka. Dawa ni kupaka vanishi au rangi ya mafuta ndani pia, watu wengi hupaka nje tu, na kushonea kitambaa cha kanga kuukuu pale panapogusa ngozi. Adui wa tatu ana miguu. Panya na mende wanaujua uji wa muhogo kuliko wewe. Vitundike vinyago kwenye waya katikati ya chumba. Ukiviweka sakafuni usiku mmoja, asubuhi fisi wako hana sikio.

Bati

Watu husema bati ni zito. Nilikuwa nasikia hivyo kila mahali, lakini hesabu inasema vingine. Bati la geji 30, lile jembamba la kuezekea, lina kilo mbili na kidogo kwa mita ya mraba. Dumu tupu la lita 20 ni takribani kilo moja, na ukilikunjua lote unapata kama nusu mita ya mraba. Ni kulekule. Uzito wa kinyago cha bati unaletwa na mapambo: misumari, kingo zilizokunjwa mara mbili, mabati juu ya mabati. Halafu kumbuka namba ya geji inavyopungua ndivyo bati linavyozidi unene, kwa hiyo ukiokota geji 28 umeshaongeza mzigo.

Shida za bati ni joto na makali. Saa saba mchana, uwanja wazi, bati lililopakwa rangi nyeusi huwezi kuliwekea kiganja, seuze shavu. Na ukingo uliokatwa kwa mkasi wa bati huacha meno madogo yasiyoonekana, yanayochana mtu mchezaji mwenzake akimgonga. Fundi bati wa kweli hukunja kila ukingo na kuugonga ukalala. Kijana anayejaribu kwa mara ya kwanza hukunja ule wa nje na kusahau matundu ya macho, ambayo ndiyo yaliyo karibu na jicho. Bati la kuezekea lina zinki pia. Ukilichoma kwa moto mkali au ukilichomelea, moshi wake unampa mtu homa na kutetemeka usiku. Likunje, litoboe, lipige ribiti, basi.

Kulipata nako kuna ushindani. Wanunuzi wa skrepa wana mizani mtaani, na mwenye bati kuukuu anataka bei ya kilo, hana habari na sanaa yako.

Pamoja na yote, hakuna kinachopendeza ukutani kama bati. Kutu yake ina rangi ambazo huwezi kuchanganya kwenye kopo, na ukitundika vifuniko vya soda ukingoni linalia. Porto-Novo hiyohiyo ya Hazoumè ina Calixte Dakpogan, mtoto wa ukoo wa wahunzi, anayefanya nyuso kwa vyuma na takataka za mjini. Nasi hapa mji wetu hauna haya na chuma kilichookolewa: meli ya Liemba ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikaanza tena safari za ziwani. Kwa hiyo silikatai bati. Nalikataa usoni pa mtu anayecheza. Liweke kwenye pembe, kwenye meno, kwenye hereni za kinyago cha kitu kingine.

Gome, kwa walio Tabora

Tabora kuna mizinga ya magome, na mzinga uliochakaa ukishushwa mtini unakuwa na umbo la uso wa mzee bila kuguswa: umejikunja, una mikunjo, mwepesi. Tumia uliochakaa tu. Gome jipya maana yake ni mti uliovuliwa nguo kuzunguka shina, na mti huo unakufa. Angalizo moja ambalo mtu wa Kigoma anaweza asilijue: gome lililokaa na nyuki halisahau. Mabaki ya nta na asali yanawaita nyuki na siafu, hivyo parua ndani, fukiza moshi, anika siku kadhaa kabla ya kumvisha mtu. Nyuki kumfuata mchezaji uwanjani ni kituko kwa watazamaji, kwa mchezaji si kituko.

Kalenda iamue

Kiangazi cha huku ni Juni hadi Septemba, na mvua huanza kama Novemba zikaendelea mpaka Aprili au Mei. Saba Saba na Nane Nane zinaangukia kavu kabisa. Ukienda Nane Nane ya kanda pale Ipuli, Tabora, utapambana na jua na vumbi, na karatasi inashinda pale bila mjadala. Shida itakuwa njiani: vinyago vya karatasi vinataka boksi lao, vimejazwa majani makavu au nguo, na mtu wa kukaa navyo kwenye treni asilale. Vya dumu vinapandana, vinafungwa kamba, vinatupwa kwenye buti ya basi.

Uhuru tarehe 9 Desemba, Krismasi, na Muungano tarehe 26 Aprili ni habari nyingine. Hapo mvua inaweza kukukuta uwanjani mgeni rasmi akiwa ndiyo kwanza anapokelewa. Dumu halijali. Karatasi yenye vanishi itavumilia manyunyu, haitavumilia mvua ya kwetu.

Kwa watoto wa shule mimi nachagua karatasi kila mwezi wa mwaka, na ikinyesha waingie darasani. Hawana uzito wa kubeba dumu, na kosa la kukata karatasi halimwagi damu. Kwa watu wazima wanaocheza kutwa, tafuta namna ya kukitoa kinyago usoni. Wamakonde walishalimaliza jambo hili zamani: lipiko, kinyago chao cha ngoma, huchongwa kwa mti mwepesi, huvaliwa kichwani, na mchezaji hutazama na kupumua kupitia mdomo wa kinyago. Dumu lililokatwa kwa kina kidogo linaweza kukaa hivyohivyo, macho ya kinyago yakawa ya bandia juu ya paji lako. Nakusudia namna ya kuvaa tu. Sura za mapiko zina wenyewe na zina mambo ya jando ndani yake; zako zitoe mtaani kwako, kwa mpiga debe wa Kibirizi, kwa mama wa dagaa, hazikosekani.

Chochote utakachochagua, ndani weka vipande vitatu vya sponji la godoro kuukuu: kimoja pajini, viwili mashavuni. Vinatenga kinyago na ngozi, hewa inapita. Mkanda uwe wa tyubu, unaovutika. Halafu jaribio ambalo halina msamaha: mvishe mchezaji, apige wimbo mmoja mzima huku akicheza, mwanzo mpaka mwisho wa kibwagizo. Akikiinua kabla haujaisha, tundu la mdomo ni dogo. Panua.

Kama bado hujaamua

Umebakiza wiki moja na watu wazima sita: dumu. Una mwezi, darasa la wanafunzi arobaini na mwalimu mwenye subira: karatasi. Unataka zawadi ya mgeni rasmi au kitu cha kumuuzia mtalii anayepita kwenda Gombe au Mahale: bati dogo la kutundika, kingo zimekunjwa, au dumu, maana likibanwa kwenye begi linarudi lilivyokuwa, na karatasi hairudi.

Mwenyewe ninachokipenda ni mchanganyiko. Uso wa dumu, kwa sababu ya mvua na mikwaruzo. Pembe za karatasi ya saruji zilizopigwa vanishi, zimeshonwa kwa waya kupitia matundu manne kila pembe ili zisiyumbe. Meno ya bati, yamekunjwa, yakitazama nje. Ndevu za nyavu za dagaa, zimeoshwa kwa sabuni mpaka zisahau ziwa. Nyavu ni nailoni, zikigusa mkaa wa mishikaki zinayeyuka papo hapo na kuganda kwenye ngozi, kwa hiyo mchezaji wa ndevu asipangwe kupita karibu na majiko. Na urefu wake uishie kifuani. Zikifika kiunoni, akiinama kwenye kucheza atazikanyaga na kukivuta kinyago chote chini.